Mwacha Asili: Historia ya Dawa ya Nywele na ya Kuiacha

Mtu akitaka kujua fikira za watu juu ya jambo fulani, na asikilize kwanza jina walilolipa jambo hilo. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, mwanamke aliyenyoosha nywele zake kwa kemikali husemwa kuwa ameweka dawa. Wengi wetu tumelitamka neno hilo mara nyingi bila ya kulifikiri. Dawa hupewa mgonjwa; mwenye afya haandikiwi dawa. Basi ikiwa mafuta makali yanyooshayo nywele yameitwa dawa, ni dhahiri kwamba nywele zilizopakwa zilihesabiwa kuwa na ugonjwa. Na ugonjwa wenyewe si mba wala choya. Ni kule kujisokota kwake tu, yaani tabia ya maumbile yake.

Insha hii yahusu historia ya dawa hiyo, na zaidi historia ya kuiacha. Chimbuko la mambo haya si Mombasa wala Dar es Salaam. Ni Marekani, kwa wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kwa hiyo huko ndiko tutakakokwenda kwanza, kisha tutarejea nyumbani kwa maneno machache. Wahenga wamesema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo hutajwa mara kwa mara kila mwanamke anapolaumiwa kwa sababu ya nywele zake. Nataka kuichukua kama taa, kisha nione kama inamulika pande zote za jambo hili, ama kama iko pembe moja inayobaki gizani.

Katika nchi za Afrika ya Magharibi na ya Kati, ambako wengi wa mateka walitoka, ususi ulikuwa sanaa yenye maana. Msuko uliweza kueleza umri wa mtu, ndoa yake, msiba wake, ukoo wake na cheo chake. Lakini ususi hutaka vitu vitatu: zana, mafuta na wasaa. Mtumwa alinyang'anywa vyote vitatu. Aghalabu mateka walinyolewa kabla ya safari ya bahari au baada yake. Mashambani hapakuwa na shanuo la mti lililochongwa kwa ajili ya nywele nene, wala hapakuwa na mafuta ya mawese au ya mbegu walizozizoea. Wapo waliochana nywele zao kwa brashi za kuchambulia sufu ya kondoo, na waliozipaka mafuta ya nguruwe yaliyobaki jikoni. Ama wasaa, ulikuwa siku moja katika juma, Jumapili, ambapo watu walifungua vitambaa walivyojifunga siku sita wakatengenezana vichwa kabla ya ibada.

Sheria nayo haikukaa mbali. Mwaka 1786, Louisiana ilipokuwa chini ya Hispania, Gavana Esteban Miró aliamuru kwamba wanawake huru wenye asili ya Kiafrika wafunge nywele zao kwa kitambaa kilichoitwa tignon. Shabaha yake ilikuwa kuwatenga na wanawake wa Kizungu na kupunguza fahari yao. Wanawake hao walitii amri, wakaishinda kwa utii wenyewe: walichagua vitambaa vya rangi za kupendeza wakavifunga kwa ustadi hata kilemba cha aibu kikawa pambo. Tukumbuke kisa hiki, kwa kuwa kitatusaidia mbele. Chaonyesha kuwa tangu zamani nywele za mwanamke Mweusi zilikuwa jambo la serikali, na kwamba mwanamke huyo hakukosa akili ya kujitetea.

Lililo baya zaidi halikuandikwa katika sheria yoyote. Watoto waliozaliwa na mabwana kwa wajakazi walikuwa na nywele laini kidogo, na aghalabu walipewa kazi za nyumbani badala ya za shamba. Kwa hiyo nywele zikawa kipimo cha karibu na mbali: karibu na bwana, mbali na jua. Ndipo yalipozaliwa majina mawili yaliyodumu kuliko utumwa wenyewe, nywele nzuri na nywele mbaya. Sisi Waswahili tuna majina yetu, nywele za singa na nywele za kipilipili. Lakini majina hayo hueleza umbo tu, mpaka msemaji ayatie dharau kwa sauti yake. Majina ya Marekani yalizaliwa na hukumu ndani yake.

Utumwa ulifutwa katika Katiba ya Marekani mwaka 1865. Uhuru ulikuja, lakini kazi haikuja na heshima. Mwanamke Mweusi aliyetaka kuingia mjini, kupata kazi katika nyumba ya watu au kufundisha shuleni, alitazamwa kichwani kabla ya kuulizwa anajua nini. Hapo ndipo biashara ya nywele ilipopata soko lake. Mtu mashuhuri kuliko wote katika biashara hiyo ni Sarah Breedlove, ajulikanaye zaidi kwa jina la Madam C. J. Walker. Alizaliwa Delta, Louisiana, mwaka 1867, akawa yatima akiwa na umri wa miaka 7, akafanya kazi ya udobi kwa miaka mingi. Nywele zake zilipoanza kupukutika alitafuta marhamu ya kuziotesha, na mwaka 1906 akaanza kuuza marhamu kwa jina lake. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa tajiri, na maelfu ya wanawake walikuwa wamejifunza kazi kwake. Wengi humtaja kama mwanzilishi wa kitana cha moto, lakini hilo si sahihi; vitana hivyo vilikuwako Ulaya kabla yake. Mwenyewe alisisitiza kuwa kazi yake ni kuotesha nywele, si kuzinyoosha. Hata hivyo kitana cha moto kilienea pamoja na mafuta yake, na wanawake wakajifunza kukaa kimya karibu na jiko, sikio wamelikunja kwa kidole, wakisikia mafuta yakichachatika.

Kitana cha moto kilikuwa na udhaifu mmoja. Hakikubadili unywele ila kwa muda. Jasho la ngoma, mvua ya njiani, au maji ya kuoga viliurudisha ukweli mahali pake. Kwa sababu hiyo palitafutwa kitu ambacho maji hayakiwezi.

Kitu hicho kiliingia sokoni kwa mkono wa Garrett Morgan, fundi wa cherehani wa mji wa Cleveland, aliyezaliwa mwaka 1877. Husimuliwa kwamba alikuwa akitafuta maji ya kupunguza joto la sindano ili isiunguze sufu. Akafuta mikono yake kwa kitambaa chenye vinyweleo, na baadaye akaona vinyweleo hivyo vimenyooka. Alijaribu maji hayo kwa mbwa wa jirani, kisha kwa kichwa chake mwenyewe, na mwaka 1913 alikuwa na kampuni ya kuyauza. Huyu ndiye yule yule aliyetengeneza kofia ya kumkinga mtu na moshi, na chombo cha kuongoza magari alichokipatia hataza mwaka 1923. Akili iliyookoa watu katika moshi na katika njia panda ndiyo iliyotoa maji ya kunyoosha nywele. Historia haigawi watu katika mafungu mawili ya wema na waovu kama tupendavyo.

Inafaa sasa tuseme dawa yafanya nini, maana pasipo kujua hilo haiwezekani kufahamu kwa nini kuiacha ni kazi ya miaka. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi za protini hiyo zimefungamana kwa vifungo vya salfa, na kila kifungo kina chembe mbili za salfa. Unywele wa Mwafrika hutoka katika shimo lililopinda ndani ya ngozi, nao ni bapa kuliko kuwa mviringo, na vifungo hivyo hulishika pindo lake imara. Dawa ya nguvu huwa na kostiki soda, ile ile waitumiayo watengenezaji wa sabuni. Kipimo chake cha pH hufika 12 hata 14. Hufumua unywele, huvunja vifungo vya salfa, na mahali pa vifungo vya chembe mbili huacha vifungo vya chembe moja. Unywele uliofanyiwa hivyo haurudi tena katika pindo lake. Dawa nyingine, zisizo na kostiki soda, hutumia kemikali za jamii hiyo hiyo na hufanya kazi hiyo hiyo. Ikikawia kichwani, ama ikigusa mahali palipokwaruzwa, huunguza ngozi. Na ikirudiwa kwa miaka mingi, yaweza kuacha upara usioota tena.

Lakini dawa haina uwezo juu ya unywele ambao haujazaliwa. Chini ya zile zilizonyooka, kila mwezi huota sentimeta moja hivi ya nywele mpya, zimejisokota vile vile kama za siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo mtumiaji hana budi kurudi kwa msusi kila baada ya majuma 6 au 8, kuzipaka zile changa. Mkataba huu hauna mwisho. Unywele husema kila mwezi neno lile lile, na kila mwezi hunyamazishwa.

Wanaume hawakusalimika. Tangu miaka ya 1920 na kuendelea, waimbaji na vijana wa mijini walinyoosha nywele zao kwa mchanganyiko uliopikwa nyumbani wa kostiki soda, mayai na viazi. Malcolm X, katika maisha yake yaliyochapwa mwaka 1965, alieleza jinsi alivyopakwa mchanganyiko huo kwa mara ya kwanza mjini Boston akiwa kijana, jinsi kichwa kilivyowaka moto, na jinsi alivyojitazama katika kioo akafurahi. Alipokuwa mtu mzima aliihesabu furaha ile kuwa fedheha. Maneno yake yalisomwa na vijana wengi, na wengi walishika wembe baada ya kuyasoma.

Mwaka 1954, mjini Chicago, kijana George Johnson alikopa dola 250, akimwambia mkopeshaji kwamba anataka kumpeleka mkewe mapumziko. Kwa fedha hizo alianza kutengeneza dawa ya wanaume, iliyokuwa na nafuu kuliko ya kupikwa jikoni. Mwaka 1957 alitoa Ultra Sheen kwa wanawake. Ndipo dawa ikatoka katika vyumba vya vinyozi ikaingia katika saluni na nyumba za watu wote. Kampuni yake ikawa mwaka 1971 ya kwanza ya watu Weusi kuuza hisa katika Soko la Hisa la Marekani mjini New York.

Hapa msomaji mwenye haraka angeweza kuhukumu kwamba saluni ilikuwa kiwanda cha kutengeneza utumwa wa moyo. Asihukumu bado. Mwenye saluni alikuwa mmoja wa watu wachache sana Weusi wa kusini ambao riziki yao haikutoka mkononi mwa Mzungu; kwa hiyo hakuweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya siasa. Mwezi Januari 1957, katika kisiwa cha Johns, South Carolina, ilifunguliwa shule ya usiku ya kuwafundisha watu wazima kusoma ili waweze kujiandikisha kupiga kura. Mwalimu wake wa kwanza, Bernice Robinson, alikuwa msusi wa Charleston. Shule za namna hiyo zikaenea kusini kote. Basi mikono iliyonyoosha nywele ndiyo iliyofundisha watu kuandika majina yao. Mwanamke aliyekaa katika kile kiti alitoka na nywele zisizo zake, na pengine na haki iliyokuwa yake.

Marejeo ya kwanza kwenye asili yalianza polepole. Mwaka 1959 Miriam Makeba, yule aliyewaimbia watu wa ng'ambo wimbo wetu wa Malaika, alifika Marekani akiwa na nywele fupi zisizotiwa chochote. Tarehe 28 Januari 1962, mtaani Harlem, chama cha wasanii ambacho ndugu wawili Kwame Brathwaite na Elombe Brath walikuwa miongoni mwa viongozi wake kilifanya maonyesho yaliyoitwa Naturally '62. Wasichana weusi wa rangi na wenye nywele za asili, walioitwa Grandassa, walitembea mbele ya watu kama vielelezo vya uzuri. Waliohudhuria walikuwa wengi hata maonyesho yakarudiwa usiku ule ule. Mwaka 1963 mwigizaji Cicely Tyson alionekana katika televisheni ya taifa zima kila juma na nywele zake za asili. Mwezi Juni 1966 jarida la Ebony likaweka sura ya mwanamke mwenye nywele hizo juu ya jalada. Mwaka 1970 polisi wa upelelezi walibandika picha ya Angela Davis nchi nzima kama mtu anayetafutwa, na duara kubwa la nywele zake likajulikana duniani; mahakama ilimwachilia huru mwaka 1972, lakini kwa muda ule wanawake wengi walisimamishwa njiani kwa sababu tu ya kuwa na nywele kama zake.

Lugha yetu nayo iliingia katika kisa hiki, na mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kupajua mahali hapa. Mfanyabiashara hulala jicho moja. Kampuni ile ile ya Chicago iliyouza dawa ya kunyoosha ilitoa mafuta ya kutunza nywele za asili, Afro Sheen, na matangazo yake yalitumia maneno ya Kiswahili, watu wazuri. Waliyaandika kwa kosa, wantu wazuri, wakaongeza herufi isiyokuwamo. Kosa lenyewe ni dogo. Lakini lanionyesha mambo mawili kwa pamoja: kiu ya watu waliotaka neno la Kiafrika la kuusifu uso wao, na umbali uliokuwapo baina yao na kisima. Mtu aliyeporwa lugha akiazima neno la ndugu yake akakosea herufi, hastahili kuchekwa.

Tena ni ajabu kuona kile kilichokuwa kikitendeka wakati huo katika nchi yenye neno hilo. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga vita sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kuchubua ngozi na nywele za bandia. Shabaha iliyosemwa ilikuwa moja na ile ya Harlem, heshima ya Mwafrika. Lakini njia zilitofautiana sana. Harlem mwanamke alipanda jukwaani kwa hiari yake. Dar es Salaam wapo waliosumbuliwa barabarani na vijana wa kiume waliojipa kazi ya kupima mavazi ya dada zao. Mwandishi Kobena Mercer, katika makala yake ya mwaka 1987, ameonya pia kwamba lile duara kubwa la nywele lililoitwa Afro halikutoka Afrika. Ni kweli. Bibi zetu walisuka, walifunga au walinyoa. Hawakuzifuga nywele ziwe duara. Mtindo ule ulibuniwa na watoto wa Afrika waliokuwa mbali, kwa kuikumbuka Afrika wasiyoiona.

Kwa nini basi marejeo ya kwanza hayakudumu? Kufikia miaka ya 1980 wengi walikuwa wamerudi kwenye dawa, au wamechukua ile ya kutengeneza mawimbi yenye kumetameta, na dawa za watoto wadogo zilikuwa madukani. Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni riziki. Mwaka 1981 mfanyakazi mmoja wa kampuni ya ndege alishindwa kesi mjini New York, aliposhtaki kwamba amekatazwa kusuka mistari. Mahakama ilisema kuwa msuko si maumbile bali ni kitu cha kutengenezwa, tena uliokuwa umepata umaarufu karibuni kwa sababu ya mwigizaji wa Kizungu katika filamu. Hukumu hii ina kitendawili ndani yake. Nywele za asili zingeweza kuheshimiwa pengine zikiachwa zilivyoota. Lakini zikisukwa, ambavyo ndivyo nywele hizo zilivyotunzwa tangu kale, zinapoteza kinga ya sheria. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ilifuata fikira hiyo hiyo kwa mwanamke wa Alabama aliyenyimwa kazi kwa sababu ya nywele zake za rasta.

Ya pili ni biashara. Kilichouzwa kama mtindo hupita kama mtindo. Nywele za asili zilipokuwa fasheni, fasheni ilipogeuka nazo ziligeuka.

Ya tatu, nionavyo mimi, ndiyo kubwa. Marejeo ya kwanza yaliwapa watu fahari, lakini hayakuwarudishia elimu. Mama aliyenyoosha nywele tangu utoto wake, na mama yake kabla yake, hakujua namna ya kuosha, kulainisha na kufungua mafundo ya nywele za kipilipili bila ya kuzikata. Alijua kuzipenda hadharani, hakujua kuishi nazo nyumbani. Utumwa ulikuwa umechukua shanuo, mafuta na wasaa. Hotuba hazikuweza kuvirudisha.

Marejeo ya pili, yaliyoanza karibu na mwaka 2000, yalikuwa kinyume. Hayakuanza kwa hotuba. Yalianza kwa wanawake waliofundishana. Vitabu viliandikwa, kile cha Ayana Byrd na Lori Tharps, Hair Story, kilitoka mwaka 2001 kikaweka historia hii mikononi mwa wengi. Kisha mtandao wa intaneti ukawawezesha wasiojuana kuonyeshana vichwa vyao mwezi kwa mwezi. Njia zilikuwa mbili. Wapo waliokata nywele zote zenye dawa siku moja, wakabaki na nchi moja au mbili. Na wapo walioacha kupaka dawa wakazingoja zile changa zikue, huku wakipunguza ncha kidogo kidogo.

Njia hii ya pili yafaa kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna mafunzo mengi kuliko yaonekanayo. Kwa mwaka mmoja au miwili mwanamke hubeba kichwani nywele za namna mbili, juu singa na chini kipilipili. Mahali zinapokutana ni dhaifu, na hukatika kwa kitana kidogo tu. Kwa hiyo hujifunza kuzichana zikiwa majimaji, kuanzia ncha kwenda mizizini, kwa vidole kabla ya shanuo. Huzisuka ili zisivutwe kila siku. Hulala na kitambaa laini. Kwa kadiri ya sentimeta 12 kwa mwaka, nywele za kufika mabegani huchukua miaka miwili au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Wengi wamesimulia kwamba walipofika mwisho waligundua jambo la ajabu: walikuwa na miaka 30 au 40, na walikuwa hawajapata kuziona nywele zao wenyewe. Mtu aweza kuijua sauti yake, mwandiko wake na kivuli chake, asijue kinachoota kichwani mwake. Hasara hiyo haina hesabu katika vitabu vya biashara.

Hesabu zilizopo zinaonyesha kuwa watu walikuwa wengi. Kampuni ya utafiti wa masoko ya Mintel ilikadiria kuwa mauzo ya dawa hiyo kwa Wamarekani Weusi yalishuka kutoka dola milioni 206 mwaka 2008 mpaka milioni 152 mwaka 2013. Kisha ikaja habari ya afya. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Miongoni mwa wasiotumia dawa za kunyoosha, walikadiria kuwa 1.64 katika kila 100 wangepata saratani ya mji wa mimba kabla ya kutimiza miaka 70. Miongoni mwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, ni 4.05. Mwanachuoni mwangalifu atasema kwamba mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kamili kuwa moja limelizaa la pili, na watafiti wenyewe walisema utafiti zaidi unahitajika. Lakini mama mwenye binti wa miaka saba anayelilia nywele za kunyooka hawezi kungoja ushahidi kamili.

Sheria nayo imeanza kugeuka. Jeshi la nchi kavu la Marekani, lililobana misuko mingi kwa kanuni za mwaka 2014, liliruhusu nywele za rasta mwaka 2017. Tarehe 3 Julai 2019 California ilikuwa jimbo la kwanza kutia sahihi sheria iitwayo CROWN, inayokataza kumbagua mtu kazini au shuleni kwa sababu ya nywele za asili pamoja na misuko yake. Majimbo mengi yamefuata. Mswada wa taifa zima ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwezi Machi 2022, lakini haukupita katika Seneti. Tangu tignon ya 1786 mpaka sheria hii ni miaka 233. Ndio muda uliohitajika ili serikali itoke katika kuamuru nywele zifichwe, ifike katika kuamuru ziachwe.

Turejee sasa nyumbani. Dawa ilifika katika miji yetu katika robo ya mwisho ya karne ya 20, ikiwa imefungwa katika makopo yenye picha za wanawake wa Marekani, nasi tukaipokea bila ya historia yake. Katika shule zetu nyingi wasichana hutakiwa kunyoa, na sababu inayotolewa ni usafi na masomo. Msichana humaliza shule akiwa hajajifunza kutunza nywele zake hata siku moja. Na zawadi ya kwanza ya utu uzima, kwa wengi, ni kuketi katika kiti cha saluni kuwekewa dawa. Hatukuporwa shanuo na msafirishaji wa watumwa. Tuliliweka wenyewe chini, kwa utaratibu, tukasahau mahali tulipoliweka. Lakini bahati yetu ni kubwa kuliko ya wenzetu, kwa maana wasusi wetu wako hai. Bado yuko mama wa uani ajuaye kusuka twende kilioni akizungumza na jirani bila ya kutazama mikono yake. Elimu ambayo Wamarekani Weusi walilazimika kuibuni upya kwa jasho, sisi tunaikalia kwenye mkeka.

Narudi kwenye methali. Mwacha asili ni mtumwa: maneno haya ni kweli kwa mtu aliyekuwa na asili mkononi akaitupa kwa kujitakia. Lakini wanawake tuliowasimulia walikuwa watumwa kwanza, na kwa sababu hiyo wakaachishwa asili. Kumwambia mjukuu wao kwamba amekuwa mtumwa kwa kupaka dawa ni kulipindua jambo, kuliweka tokeo mahali pa chanzo. Pembe hiyo ndiyo methali isiyoimulika. Wala mwenye kuiacha dawa leo hapaswi kumdharau asiyeiacha, maana kila mmoja ana hesabu yake ya kazi, ya ada na ya mume, na vijana wa Operesheni Vijana wametuonyesha kinachotokea heshima ikitiwa kwa nguvu. Lililo wajibu wetu ni dogo na la kutekelezeka. Tuwafundishe mabinti kuzitunza nywele zao kabla ya kuwafundisha kuzibadili, ili atakayechagua dawa aichague hali anakijua anachokiacha. Na katika maongezi yetu, tuanze kutafuta jina jingine la kile kilichomo katika kopo.